Jenereta la Athumani, Sauti ya Onesimo

Vijana wangu, wiki iliyopita mlinijia hapa Buyenzi na kompyuta nyembamba kama sinia, mkaketi kwenye mkeka wa mke wangu, mkanywa kahawa yote, kisha mkaniambia mmeipata ile albamu ya muziki mzito ya bendi ya Nyundo na mnataka kuisafisha. Mkaniambia pia, kwa heshima zenu zote, kwamba katika wimbo wa tatu kuna mahali sauti inakatika mstari mzima, na kwamba siku hizi kasoro kama ile inazibika. Mtachukua vipande vya sauti ya mwimbaji kutoka nyimbo nyingine, kompyuta itavishona, na hakuna mtu atakayejua. Mmoja wenu, sitamtaja, akaniuliza kama fundi alikuwa amesinzia siku ile.

Fundi nilikuwa mimi, na sikusinzia. Nilikuwa macho kabisa, na ndiyo aibu yenyewe. Sikuwajibu siku ile kwa sababu jibu ni refu na mke wangu alikuwa anautaka mkeka wake. Basi nimekaa nikaandika. Someni kabla hamjagusa kitu.

Kazi hii ya kurekodi sauti niliifanya zaidi ya miaka thelathini, na sikuisomea popote. Nilijifunza kwa Mzee Kasimu, fundi redio, Mungu amrehemu, aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Sifa yake kubwa ilikuwa kutibu spika. Karatasi ya spika ikipasuka, yeye huibandika kwa gundi na karatasi ya sigara, tabaka juu ya tabaka, akipuliza polepole mpaka ikauke. Spika zake ziliimba misikitini, makanisani na kwenye baa, na hakuna aliyelalamika.

Mzee Kasimu alinifundisha mambo mengi, lakini mawili nilijifunza kwa kupata haya mbele za watu. Siku moja kwaya ya parokia ilikuja kurekodi nyimbo za Noeli. Wakaimba vizuri sana, wakaondoka. Kesho yake akaja mfanyabiashara wa sabuni anataka tangazo, nami nikachukua utepe uliokuwa karibu na mkono. Padri alipokuja kuchukua kazi yake, tuliketi wote watatu tukasikiliza. Kwaya ikapanda, ikapanda, ikafika pale mtoto anapozaliwa, na mwanamume mwenye sauti nene akasema kwamba sabuni hii inatoa povu hata kwenye maji ya ziwa.

Padri alicheka mpaka akavua miwani. Mzee Kasimu hakucheka. Alingoja mgeni aondoke, akaniambia, "Swedi, kabla ya kufuta, sikiliza mpaka mwisho. Na kile hautaki kugusa, kifunge." Akatoa plasta ya kidonda kwenye droo, akakata kipande, akakibandika juu ya kitufe cha kurekodia. Tangu siku ile sikukosa plasta kazini. Duka la dawa walidhani nina watoto watukutu.

Baadaye nilipata mashine yangu. Niliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka lake arudi kwao. Ilikuwa mashine ya utepe mpana, ya njia nne, maana yake unaweza kurekodi vitu vinne mbalimbali juu ya utepe mmoja, kila kimoja kwenye njia yake, na ukafuta kimoja bila kugusa vingine. Ninyi mna njia mia na hamjui mzifanyie nini. Sisi na nne zetu tulikuwa matajiri.

Ilikuwa na kilema kimoja, nacho kishikeni vizuri maana hadithi yote imening'inia hapo. Mota yake ilifuata mapigo ya umeme. Umeme wa mji ukiwa sawa, utepe ulikwenda mwendo wake. Umeme ukikatika ukawasha jenereta, na jenereta likichoka, mota nayo ilichoka, utepe ukaenda polepole, na kila kitu kilichomo kikashuka sauti. Mwanamke akawa mwanamume, mwanamume akawa fahali. Kwa miaka mingi nililaani kilema kile kila umeme ulipokatika.

Sasa niwaambie juu ya Nyundo. Walikuwa vijana wanne. Kabla ya vita walikuwa wanapiga kwenye hoteli moja kando ya ziwa, nyimbo zao wenyewe, laini, kwa sauti ya chini. Mpiga gitaa na kiongozi alikuwa Gaspari, kijana mrefu wa maneno machache. Mwimbaji alikuwa Onesimo, rafiki yake tangu shule, mtoto wa pekee wa mama mmoja mkulima wa mpunga kule Buterere. Mimi ndiye niliyewarekodi nyimbo zao sita za kwanza: ngoma njia ya kwanza, besi ya pili, gitaa la tatu, sauti ya Onesimo njia ya nne. Alikuwa na sauti nyembamba, safi, ya mtu ambaye hajakamilisha ndevu.

Miaka iliyofuata mnaijua. Wazee wenu wamewasimulia, au wamekataa kuwasimulia, na vyote viwili mnavielewa. Mimi nitasema lile linalohusu kazi yangu tu. Nyuzi za gitaa zilikwisha mjini. Zilipatikana Uvira, ng'ambo ya mpaka, na kulikuwa na mtu wa kuzivusha mpaka Gatumba. Gaspari alikuwa na homa siku ile, akamtuma Onesimo. Wakati wa kurudi gari alilopanda lilipigwa risasi njiani. Walipomleta nyumbani kwa mama yake, pakiti ya nyuzi ilikuwa bado mfukoni mwa shati. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Baada ya mazishi Gaspari alikuja kwangu akachukua ule utepe, akampelekea mama yule. Mama hakuwa na mashine ya kuuchezea. Aliufunga kwenye kitenge, akauweka ndani ya sanduku la bati pamoja na nguo zake za kanisani. Alikuwa na sauti ya mtoto wake nyumbani, na hakuwa na namna ya kuisikia.

Gaspari hakugusa gitaa muda mrefu. Aliporudi kwangu, nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, bandarini wapakuzi walikuwa wanacheza karata, na mimi nilikuwa natengeneza pasi za umeme nipate kula. Akaketi, akanipa kaseti aliyoletewa na binamu yake kutoka Ubelgiji. Nikaiweka. Gitaa lilinguruma, ngoma zikaanguka kama mawe ya mgodi.

Nikamwambia, "Gaspari, hawa ampli yao ya gitaa imeharibika."

"Apana, fundi. Ndiyo wanataka vile."

"Wanataka iharibike?"

"Wanataka ikuwe nzito." Akazima kaseti mwenyewe. "Zile nyimbo zetu sita nataka tuzirekodi upya. Tulizipiga tukiwa watoto wa hoteli. Watu wanakula samaki, sisi tunaimba polepole tusiwasumbue. Sasa nikizipiga vile najiona muongo. Maneno ni yale yale, fundi. Lakini haiwezekani yakuwe na uzito ule ule."

Nilimwelewa, ingawa masikio yangu yalikuwa bado yanauma. Nikamwambia ukweli wa kazi: utepe mpya haupo mji mzima. Njia pekee ni kurekodi juu ya ule ule wa zamani. Akachomoa kaseti yake. Kisha akasema ngoma, besi na gitaa tufute, lakini njia ya nne tusiiguse. Alitaka Onesimo aimbe kwenye nyimbo nzito pamoja nao.

Tulikwenda Buterere asubuhi, mimi na yeye, tukipita kwenye matuta ya mpunga. Mama Onesimo alitusikiliza amesimama, miguu ina matope. Akaingia ndani, akatoka na kitenge, lakini hakukiachia haraka.

"Swedi," akaniambia, "we ni mutu muzima, una watoto. Huu muziki fanyeni vile munataka. Lakini yeye musimuguse."

"Sitamgusa, mama."

"Na siku mumemaliza, mi nitakuja kumusikia. Nimengoja sana."

Niliapa. Niliapa kwa jina la Mungu, huku nimeshika kitenge upande mmoja na yeye ameshika upande mwingine.

Basi tukaanza. Vifaa vya kupiga muziki mzito hatukuwa navyo hata kimoja, kwa hiyo tulivitengeneza. Nilitafuta ule mngurumo wa gitaa kwa siku tatu, nikaupata kwa wembe: nilichukua spika nzima, nikaipasua karatasi yake mistari minne. Mzee Kasimu alikuwa bado hai, mzee sana, alikuja kunisalimia akanikuta na wembe mkononi. Akatazama spika, akanitazama mimi.

"Miaka arobaini mi nabandika," akasema, "na we unapasua."

Gaspari akapiga noti moja tu. Mzee aliisikiliza mpaka ikafa, kisha akasema, "Pasua na ile ingine. Hii moja inalia peke yake." Kisha akaomba kahawa. Nampenda mzee yule mpaka leo kwa neno lile. Angeweza kunipiga.

Majirani walivumilia mengi. Muadhini wetu aliniomba tusipige wakati wa swala, na tulitii, nasi tulipumzika vizuri kwa sababu hiyo. Shangazi mmoja wa nyumba ya pili aliniuliza kwa siri kama nimeanza kazi ya kuchinja kwa mashine. Tulifanya kazi mchana tu, kwa sababu jioni kulikuwa na amri ya kutotoka nje, na saa nane mchana chumba kile kilikuwa cha moto kiasi kwamba Bosco, mpiga ngoma, alipiga akiwa amefunga taulo lenye maji kichwani.

Tatizo halikuwa joto. Tatizo lilikuwa nyuzi. Gaspari alikuwa anatumia zile zilizotoka mfukoni mwa Onesimo. Hazikuwepo nyingine, na hata zingekuwepo asingezitumia. Aliogopa zisikatike, kwa hiyo alizilegeza. Zikilegezwa, gitaa linashuka, na muziki ule ukishuka ndiyo unakuwa mzito hasa, kwa hiyo alifurahi mara mbili. Lakini tulipofungulia njia ya nne, Onesimo alikuwa juu kule tulikomwacha miaka ile, na gitaa lilikuwa chini. Haviendani. Ilikuwa kama watu wawili wanaosalimiana kutoka ghorofa mbalimbali.

Gaspari alianza kukaza nyuzi, zikalia, akazilegeza tena. Tulijaribu kila kitu tulichokijua, wiki mbili. Mwisho mpiga besi akasema kile ambacho kila mmoja alikuwa anakifikiri: "Gaspari, uimbe wewe. Tufute na njia ya nne." Hakusema kwa ubaya. Gaspari akajibu kwamba atafikiri mpaka Ijumaa.

Alhamisi umeme ukakatika. Niliwasha jenereta ili tu nizungushe utepe nyuma niufunge, na mafuta yalikuwa machache, likawa linakohoa. Nikabonyeza kitufe cha kuchezea badala ya cha kurudisha. Sauti ya Onesimo ikatoka imeshuka, nzito, polepole. Nilinyoosha mkono kuizima, kwa mazoea yangu ya kulaani. Gaspari akanishika kifundo cha mkono. Kwa mkono mwingine akagusa gitaa ambalo halikuwa hata na umeme, uzi wa chini kabisa. Vikakutana.

Akauacha uzi ulie. Kisha jenereta likafa kwa kukosa mafuta na Bosco akaanza kucheka, na sisi wote tukacheka, na Gaspari alicheka huku analia.

Hapo ndipo anapoingia Athumani. Athumani ni binamu yangu, fundi wa magari, mtu ambaye muziki wowote kwake ni kelele isipokuwa injini nzuri. Nilimweleza nataka jenereta lichoke, lakini lichoke sawasawa, lisizidi wala lisipungue. Aliniuliza kama nina akili timamu. Kisha akaenda kuleta spana na waya.

Tulipanga hivi, na mjifunze, ingawa hamtaihitaji. Ampli tuliziweka kwenye umeme wa mji. Mashine ya utepe peke yake tuliiweka kwenye jenereta, nyuma ya ukuta wa uani. Gaspari alipiga uzi wa chini na kuuacha ulie. Mimi nilicheza sauti ya Onesimo. Athumani, uani, alikaza skrubu ya mafuta robo mzunguko, akalegeza, akakaza, mimi nikimpigia kelele dirishani, "Chini kidogo, chini, hapo, apana, rudi." Mpaka mtoto na uzi wakakubaliana. Athumani akaifunga skrubu kwa waya na kuketi mbele ya jenereta na kitabu chake cha dua, akiangalia mtu asilisogelee. Wapita njia walimuuliza kwa nini jenereta linanguruma na umeme upo. Aliwajibu kwamba anamshusha mtu, na hakuongeza neno.

Mnaniuliza tuliupata wapi ule mwendo mzito. Ni huo. Utepe ukienda polepole, sauti inashuka na mwendo unapungua pamoja. Bosco alimfuata Onesimo, na Onesimo alikuwa anatembea kwa miguu ya jenereta. Hatukuwa na ujuzi zaidi ya huo. Mara moja nilisahau nikachomeka mashine kwenye umeme wa mji wakati wa kusikiliza, na ule muziki wetu wa kutisha ukatoka mwembamba na wa haraka, kuku watupu. Tulicheka mpaka shangazi wa nyumba ya pili akaja kuuliza kama kuna harusi.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Wimbo wa tatu unaitwa "Nirudishie Mvua". Onesimo aliutunga kule kwenye mpunga wa mama yake. Ulikuwa karibu kumalizika, na Gaspari akataka kurudia gitaa mahali padogo. Asubuhi ile nilikuwa nimesafisha mashine, na vumbi lilikuwa limeganda kwenye ile plasta ya kitufe cha kurekodia njia ya nne, ile niliyoibandika siku ya kwanza. Nikaibandua niweke nyingine. Plasta mpya ilikuwa mezani, nimeshaikata. Athumani akaita kutoka uani, nikaenda, nikarudi. Gaspari akasema yuko tayari.

Nilibonyeza nne badala ya tatu.

Nilijua mara moja. Kwenye masikio yangu mtu alikuwa anaimba, akavuta pumzi, na baada ya pumzi hakuna kitu. Niliondoa kidole. Akarudi mstari uliofuata, kama hakuna lililotokea. Mstari mmoja tu, na Onesimo aliuimba mara moja tu katika wimbo wote. Utepe ni mmoja, hakuna nakala. Plasta ilikuwa pale mezani inanitazama.

Wenzangu hawakusikia, maana mimi ndiye nilikuwa nimevaa vifaa vya kusikilizia masikioni. Nawaambia ukweli wangu wote: kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi nilifikiri kunyamaza. Ningesema utepe ulikuwa mchakavu. Kila mtu angeamini, tulikuwa katika miaka ambayo kila kitu kilikuwa kichakavu. Kisha nikavivua vile vifaa, nikamwambia Gaspari.

Alitoka, akaenda uani. Alikaa karibu na Athumani, jenereta linanguruma. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Mi nilimutuma nyuzi," akasema. "We umefuta mustari. Basi tuko wawili. Lakini mama utamuambia we mwenyewe."

Mama Onesimo alikuja Jumamosi, kwa miguu kutoka Buterere, amevaa nguo za kanisani, ana mwavuli na kikapu cha mchele kwa ajili ya mke wangu. Tulimpa kiti. Nilikuwa sijalala siku nne. Nikapiga magoti mbele ya kiti kile, mtu mzima mwenye mvi, nikamwambia: mama, niliapa na nimevunja. Mstari mmoja umefutika. Ni mkono wangu, si mashine.

Aliulaza mwavuli magotini. "Mumoja?"

"Mmoja, mama. Katika wimbo wa mvua."

"Ingine yote iko?"

"Yote."

"Simama, baba. Weka nisikie."

Athumani alikuwa ameshaweka jenereta sawa. Nikabonyeza kitufe. Gitaa la Gaspari liliingia kwenye ile spika iliyopasuliwa na mama akakunja uso.

"Gaspari, hii kelele ni wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Unaumwa?"

"Niliumwa, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Ngoma zikaingia. Kisha sauti. Mama akainua uso, akatazama mlango, akatutazama mmoja mmoja. "Huyu ni nani?"

Sijapata kuogopa kama pale, na nimeishi vita vizima. Niliona tulichofanya. Tulikuwa tumemshusha mtoto kwa skrubu ya mafuta mpaka mama yake hamjui. Nikanyoosha mkono nizime, na mama akasema, "Acha."

Alisikiliza mpaka mwisho wa ubeti. Vidole vyake vilikuwa vimeshika mpini wa mwavuli. Kuna mahali Onesimo anamalizia neno kwa kulivuta kidogo kupitia puani, na jenereta halikuweza kumwondolea hilo. Mama akalisikia.

"Ni yeye," akasema. Kisha, polepole, "Amekomaa."

Gaspari akaketi chini sakafuni.

"Sikieni," mama akasema, kama sisi hatukuwa tunasikia. "Mutoto wangu amekomaa. Angekuwa na miaka ishirini na saba. Ndiyo sauti ya baba yake, ndiyo hii kabisa. Nilikuwa namuwaza siku zote na ile sauti ya kitoto. Mi sikujua kama ilikuwa inaendelea."

Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, wa tatu ukaanza. Nilitazama sakafu. Nilijua mahali pale panakuja, nilikuwa nazihesabu ngoma. Onesimo akavuta pumzi. Gitaa likabaki peke yake.

Na mama akaimba. Hakusimama, hakufumba macho, hakubadilisha uso. Aliimba tu, kwa sauti ya mtu aliye shambani na mikono ina kazi: "Mama, weka jembe chini, mvua imefika." Akanyamaza mahali pake, na mtoto wake akaendelea na mstari uliofuata. Sidhani kama alijua kwamba ameimba. Alikuwa amemsikia akiutunga miaka ile, asubuhi baada ya asubuhi, kwenye matuta yale, na mstari ule ulikuwa wake.

Gaspari alipopata nguvu alimwomba aurudie mbele ya mikro ya kurekodia, tuuweke pale mahali pake. Mama alikataa kwa upole. "Apana, mutoto. Mi naimba na yeye, siimbi na mashine. Muache vile. Nikija nitaimba."

Tuliuacha vile. Tulitoa kaseti chache, zikanakiliwa kwenye kaseti nyingine, mpaka zikawafikia ninyi ambao wakati ule hamkuwa mmezaliwa.

Mnisamehe, nimekuwa mrefu, lakini nataka mjue kwamba mimi nikiikumbuka kazi yangu, nashukuru. Namshukuru Mzee Kasimu kwa plasta na kwa kutonipiga. Namshukuru Athumani, ambaye mpaka leo husema alipiga kwenye albamu ile na jina lake halikuandikwa. Andikeni jina lake safari hii: jenereta, Athumani. Namshukuru Gaspari, aliyesema tuko wawili, maana angeweza kuniacha peke yangu. Na namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kile kilema cha mota nilichokilaani miaka yote.

Basi safisheni. Ondoeni vumbi na mikwaruzo, ngoma za Bosco zipeni nafasi. Kelele ya jenereta inayosikika kwa mbali mnaweza kuipunguza, ingawa Athumani atanuna. Lakini pengo la wimbo wa tatu msilizibe hata kwa nusu pumzi. Mkimaliza, msiniletee mimi kwanza. Mama Onesimo bado yupo Buterere, nyumba ile ile, masikio yamepungua, kwa hiyo ongezeni sauti. Mwekeeni wimbo wa tatu, mkae kimya. Mstari ule ukifika ataimba, na siku hizi anaimba polepole. Subirini amalize.